Alhamisi Ambayo Dokta Hakuja

Mwalimu Oliva alianza kusoma saikolojia kwa sababu ya kaka yake. Walimu wenzake pale shule ya msingi Nambis walidhani anatafuta kupanda daraja, naye hakujisumbua kuwasahihisha, kwa kuwa habari za kaka yake hazikuwa za kusimuliwa ofisini wakati wa chai.

Huyo kaka, Agustino, alikuwa wa kwanza katika boma lao kule Maretadu kufika kidato cha sita. Alirudi nyumbani kabla ya mtihani wa mwisho akisema kuna watu wanamsemesha kutoka darini. Walimpeleka kwenye maombi. Walimpeleka kwa mganga. Siku alipowasha moto banda la ng'ombe na ndama wakafia ndani, baba yao alinunua mnyororo, akamfunga mguu kwenye nguzo ya banda jipya, na baba alipofariki alimwacha palepale. Mama yao, Natalia, akawa anampelekea uji na ugali, anamwosha kwa maji ya moto siku za Jumamosi, kisha anarudi jikoni kulia. Ikapita miaka. Majirani wakaacha hata kuuliza hali yake.

Kisha akaja Dokta Urban. Kwa vyeti hakuwa daktari. Alikuwa tabibu wa afya ya akili, mzaliwa wa Mbinga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye baridi ya Mbulu haikumzoea wala yeye hakuizoea. Koti lake zito alilivaa hata mwezi wa kumi jua likiwaka. Alisikia habari za Agustino kutoka kwa katekista, akapanda pikipiki mpaka Maretadu. Hakuanza na mnyororo. Alichuchumaa mlangoni pa banda, akamsalimia Agustino kama mtu anavyomsalimia mwenzake aliyekutana naye njiani, akamuuliza kama huku mvua imeshafika. Agustino akajibu kwamba bado. Mama Natalia alikuwa amesimama nyuma yao na sufuria mkononi. Alikaa chini kwenye vumbi. Tangu mwanawe afungwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza jambo lolote na kusubiri jibu.

Sindano ya kila mwezi ndiyo iliyomrudisha. Hakurudi yule wa zamani. Mikono ilimtetemeka, alinenepa, alifikiri polepole. Lakini alilima. Alikwenda misa mwenyewe na kurudi mwenyewe. Oliva alimwona siku moja akipalilia maharage, ameinama, shati limeloa jasho mgongoni, akasema moyoni kwamba kazi hii lazima aijue.

Chuo alichopata kilikuwa na masomo ya watu walio kazini. Jumamosi alisikiliza mihadhara kwenye simu, ameiegemeza kwenye kopo la sukari dirishani, mahali pekee nyumbani kwao mtandao uliposhika. Likizo za shule alikwenda Arusha kukaa darasani na vijana waliomwita mama. Mumewe Modest, mkulima wa vitunguu swaumu, alipika na kuwaogesha watoto, na alipoulizwa kilabuni mke wake anasoma nini alijibu, "Vichwa vya watu," wakacheka naye akacheka.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa akae na wagonjwa chini ya msimamizi mwenye sifa, na msimamizi huyo athibitishe kazi yake, la sivyo mwaka haupiti. Katika wilaya nzima ya Mbulu mwenye sifa alikuwa mmoja. Oliva alikwenda kumwomba, na Dokta Urban akamwambia, "Njoo Alhamisi. Njoo na sweta, chumba changu hakipati jua."

Kliniki yake ilikuwa chumba cha mwisho cha hospitali, kupita stoo, kikiwa na benchi refu nje. Alhamisi benchi lilijaa mapema: watu wa Masieda, wa Maretadu, wengine wamelala kwa ndugu mjini ili wawahi. Na tangu mwenzake wa wilaya jirani ya Hanang aende masomoni, Dokta Urban alivuka huko pia kila Jumatatu, anarudi usiku na vumbi la njiani kwenye nyusi.

Oliva alijifunza kwake mambo ambayo mhadhara haukuyasema. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mjane aliyeacha kula. Oliva alimfariji kwa maneno mengi mazuri, na mjane alipotoka akageuka kumtazama msimamizi wake, akitarajia kusifiwa.

"Yale maneno," Dokta Urban alisema, "mengi ulikuwa unajisemea wewe. Uliogopa kimya chake."

Siku nyingine alimfundisha kuuliza lile swali ambalo watu wote hulikwepa. "Usizungukezunguke. Muulize mtu kama anafikiria kujiua, kwa neno hilohilo. Hutampa wazo ambalo hana. Kama analo, umemtua mzigo kidogo."

Mambo yalianza kuharibika baada ya Krismasi. Kulikuwa na mama mdogo wa Masieda, Lucia, aliyekuja kliniki miezi mingi akiwa hanyanyui uso, na sasa alikuwa amepona kiasi cha kucheka na wenzake kwenye benchi. Dokta Urban alikuwa amempa nafasi ya kuja baada ya miezi miwili badala ya mmoja. Kabla ya siku hiyo kufika, Lucia alijiua. Dokta alikwenda kwenye mazishi, na Oliva alifuatana naye. Kaburini, baba mkwe wa Lucia alimwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tulikuletea mtu, ukaturudishia maiti." Dokta Urban aliinamisha kichwa.

Baadaye Oliva alijiuliza mara nyingi kama ni hilo lililomwangusha, au ni Jumatatu zile za Hanang, au mkewe aliyekuwa mbali huko Mbinga, au ni ugonjwa tu, ambao haumwombi mtu sababu. Alichokiona ni mwanamume anayepungua ndani ya koti. Akaacha kufungua dirisha. Chai aliyoletewa ilipoa mezani mpaka ikachukuliwa. Alimwachia Oliva wagonjwa ambao mwanafunzi hakupaswa kuachiwa, naye akikaa pembeni akitazama ukuta. Jumatatu mbili mfululizo hakuvuka kwenda Hanang, wala hakuwapa taarifa watu waliomsubiri.

Ajabu ni kwamba wiki hizohizo Oliva alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa sonona. Alikaa dirishani Jumamosi akimsikiliza mhadhiri akitaja dalili moja baada ya nyingine, na kwa kila dalili uso uliomjia ulikuwa mmoja.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Agustino. Dokta alimchoma sindano yake, akaweka pamba, Agustino akaanza kufunga mkanda. Dokta akageuka mezani, akachukua bomba jingine, akavuta dawa ileile, akamrudia.

Oliva alimshika mkono. "Dokta. Umeshamchoma."

Dokta Urban aliitazama sindano kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka mkononi mwake. Agustino naye aliwatazama wote wawili, halafu akasema kwa upole wake ule wa polepole, "Ni kweli, dokta, umenichoma," akatoka.

Oliva alifunga mlango. "Dokta, unalala?"

"Nalala."

"Unaamka saa ngapi?"

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemhurumia mwenzake. "Mwalimu, usinipime. Hayo maswali nimekufundisha mimi."

"Ndiyo maana nayauliza."

Alikaa. Mikono ya Dokta ilikuwa baridi. Oliva alikuwa bado anaisikia kwenye kiganja chake. "Sikiliza," Dokta alisema. "Ukiyapeleka haya kwa mganga mfawidhi wa hospitali, atanipumzisha. Atakuwa amefanya sawa. Halafu chumba hiki kitafungwa, kwa sababu hakuna wa kukaa humu. Nani atamchoma kaka yako? Na wewe, nani atakuthibitishia mwaka wako? Niache kidogo. Mvua zikiisha nitachukua likizo, nitakwenda nyumbani."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa mlangoni pa watu asiowajua. Na Oliva akakubali.

Alimweleza Modest jioni ile wakimenya vitunguu. Modest alifikiri kwa muda, maana alikuwa mtu wa kufikiri. "Wewe maliza kwanza," alisema. "Ukishamaliza utamsaidia ukiwa na nguvu. Sasa hivi utamsaidia kwa nini? Utabomoa tu kila kitu, na Agustino ndani yake." Lilikuwa neno la busara, na Oliva alilishika kwa mikono miwili. Alijua kitabu kinasema nini. Alijua pia kwamba kila Alhamisi anayonyamaza anajinunulia Alhamisi nyingine, na kwamba mwenye kulipa si yeye. Alijua, na aliendelea kunyamaza, mpaka Alhamisi ambayo dokta hakuja.

Siku ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Benchi lilijaa, watu wakasimama ukutani wamejifunika mashuka. Agustino alikuwepo, zamu yake ilikuwa imefika tena, amekaa mwisho wa benchi na kofia yake magotini. Wote walimsalimia Oliva. "Shikamoo mwalimu. Dokta yuko njiani?" Aliwajibu kwamba atakwenda kumwangalia. Simu ya Dokta ilikuwa imezimwa.

Dokta alipanga chumba na sebule kwa mama mmoja mjane aitwaye Ernestina, nyuma ya soko. Mama Ernestina alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Oliva alimwamkia. "Marahaba, mwanangu," mama yule alisema. "Yumo ndani tangu juzi. Anasema ana mafua. Nimempelekea uji, amesema niuache mlangoni. Uji uko palepale."

Oliva aligonga. Aligonga tena, akajitaja jina.

"Nenda kawahudumie, mwalimu," sauti ilisema kutoka ndani. Ilikuwa karibu; alikuwa ameketi sakafuni, upande wa pili wa mlango. "Unaweza. Nimekuona."

"Fungua, dokta."

"Siwezi kufungua leo."

Oliva aliketi kwenye ngazi. Saruji ilikuwa na maji, yakapenya kwenye sketi yake. Katika kichwa chake, ambako kulikuwa na mihadhara ya miaka mitatu, hakupata kitu isipokuwa lile swali. Lilikuwa zito mdomoni kama jiwe. Alikuwa ameshamuuliza mjane, amemuuliza mwanafunzi wa sekondari, amemuuliza mzee wa Masieda aliyenyang'anywa shamba. Kumuuliza huyu kulikuwa kama kumvua nguo baba yake.

"Dokta Urban," alisema, "unafikiria kujiua?"

Mama Ernestina aliacha kuchambua. Kimya kikakaa. Oliva hakukiogopa, au alikiogopa, lakini alikiacha.

"Ndiyo," sauti ikasema. Halafu, "Umeuliza vizuri, mwalimu. Sasa nenda."

"Una kitu humo ndani?"

"Ninacho."

"Umekitumia?"

"Bado."

Hapo ndipo Oliva alipovunjika. Yote aliyofundishwa yakamtoka, akaanza kusema, akasema kama maji ya mto uliokatika kingo. Alisema watu wamejaa kwenye benchi. Alisema kuna mama amebeba mwanawe mgongoni, kijana mzima, kutoka Masieda. Alisema Agustino yupo, amekaa na kofia yake, wakimkosa dokta, Agustino atarudi kwenye banda, mama yao atakufa kwa uchungu, amwonee huruma mama yao, amwonee huruma na yeye.

"Oliva." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Nimechoka kuwa dawa ya watu."

Oliva akakatisha maneno. Alielewa alichokuwa amekifanya: mtu amelala chini, yeye anamwongezea mizigo mgongoni. Alifunika uso kwa mikono. Alipoweza kusema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Basi usimchome Agustino," alisema. "Usimchome mtu yeyote. Wala usinithibitishie kitu. Nilijua unaumwa, dokta. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza kwa ajili ya mambo yangu. Sikuombi urudi kazini. Nakuomba unipitishie hicho kitu chini ya mlango, basi. Nitakaa hapahapa."

Oliva alikaa. Mama Ernestina aliinuka na ungo wake, akaja akaketi kando yake, bega kwa bega, akaendelea kuchambua maharage bila kusema lolote, mabovu akiyatupia kuku. Ukungu ukawa manyunyu, manyunyu yakaisha. Mara mbili Oliva aliita, na mara mbili yule wa ndani alijibu "Nipo." Mara ya tatu hakujibu, na Oliva alikuwa ameshasimama kuita watu wavunje mlango aliposikia komeo likisogezwa.

Dokta alikuwa na koti lake juu ya fulana ya kulalia. Macho yalikuwa makavu. Akamkabidhi Oliva mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo, naye Oliva akampa Mama Ernestina, aliyeupokea kwa ncha za vidole na kwenda kuutumbukiza chooni.

"Si pale hospitali," Dokta Urban alisema. "Nakuomba. Popote, ila si pale."

Hakukuwa na popote. Oliva alilifikiria hilo huku akimfunga Dokta viatu. Dokta mwenyewe ndiye aliyekuwa hiyo popote. Watu wa wilaya nzima walipokosa pa kwenda walikwenda kwake. Walimshika huku na huku, Oliva na mama yule, wakapita nyuma ya soko ili wasionekane. Lakini njia ya kwenda kwa mganga mfawidhi ilipita mbele ya benchi.

Watu walimwona. Kwanza walifurahi, mmoja akasema, "Huyo, amekuja." Halafu wakaona jinsi alivyoshikwa, na kila mmoja wao alijua maana yake, kwa kuwa kila mmoja wao aliwahi kuletwa hapo hivyohivyo. Wakasimama. Agustino alisogea hatua moja, kofia mkononi. "Shikamoo, dokta," alisema. Dokta Urban alimpita kama hakumsikia. Yule mama wa Masieda akaanza kulia kwa sauti, si kwa ajili ya dokta tu.

Mganga mfawidhi, Daktari Mectilda, alikuwa mwanamke wa Bukoba asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Oliva, akamtazama Urban aliyekaa ameinamisha kichwa, akaenda akamwekea mkono begani, na ukakaa hapo muda. Aliagiza gari. Hospitali yenye wodi ya akili ilikuwa mkoa mwingine, na muuguzi mmoja angefuatana naye. Kisha alimtoa Oliva nje ya mlango.

"Ulijua tangu lini?"

Oliva akamwambia.

Daktari Mectilda hakumkaripia. Ingekuwa afadhali. "Wewe ni mwanafunzi," alisema tu. "Lakini ulikuwa mtu pekee aliyekuwa anamwona kila wiki."

Chumba cha mwisho kilifungwa kwa kufuli. Tangazo la mlangoni lilisema wagonjwa wasubiri mtaalamu mpya, naye mtaalamu mpya aliahidiwa wiki baada ya wiki. Wauguzi wa wodini waliwachoma waliokuja mpaka dawa iliyokuwepo ikaisha. Agustino, aliyeondoka Alhamisi ile bila kuchomwa, alikuwa miongoni mwa waliofika ikiwa imeisha. Mjini, maneno yalienea kwamba wazimu umemwambukiza dokta wa vichaa, na watu wa kijiji walioleta wagonjwa wao kwa siri wakaacha kuwaleta hata kwa siri. Chuo kilimwandikia Oliva kumpa pole, na kumweleza kwamba kazi isiyothibitishwa na msimamizi haihesabiki, atarudia mwaka. Aliisoma barua hiyo akiwa darasani, watoto wakiimba jedwali la kuzidisha. Haikumuuma kama alivyotarajia. Hiyo ilikuwa hasara iliyokuwa yake kwa haki.

Iliyomuuma ni Maretadu. Mama Natalia alipiga simu mara ya kwanza kusema Agustino halali. Mara ya pili alisema hataki kula, anadai ugali una sumu. Mara ya tatu hakupiga, na Oliva alipokwenda Jumapili baada ya misa alimkuta kaka yake bandani, kamba ya katani kiunoni imefungwa kwenye nguzo, akizungumza haraka haraka na mtu ambaye hayupo. Mama yao alikuwa ameketi nje kwenye kigoda.

"Anakimbilia mtoni," alisema kwa Kiiraqw, bila kumtazama binti yake. "Mimi ni mzee, Oliva. Nimkamate kwa nguvu gani? Mnyororo nilikataa. Nimetafuta kamba laini."

Oliva alimfungua. Alikaa naye majanini mchana wote, amemshika mkono, akimwita jina, akijaribu kila alichofundishwa. Agustino alimjua kwa kitambo, akamuuliza habari za watoto, kisha akaondoka tena ndani ya macho yake mwenyewe. Jua lilipoanza kushuka Modest alikuja na pikipiki kumchukua. Kesho ilikuwa Jumatatu, watoto wa darasa la saba walikuwa na mtihani wa majaribio. Mama Natalia alisimama mlangoni akitazama kamba sakafuni, wala hakuiokota. Hakuweza kuinama mbele ya binti yake.

Basi Oliva aliiokota yeye. Aliizungusha kiunoni mwa kaka yake, juu ya sweta ili isimkate, akafunga fundo, akalijaribu kama limelegea kiasi. Agustino alinyanyua mikono kumrahisishia, kama mtoto anayevishwa. Njiani, nyuma ya pikipiki, Oliva aliegemeza paji la uso mgongoni mwa mumewe na kulia mpaka Nambis, na Modest aliendesha polepole.

Siku ya tatu baada ya hapo simu iliita wakati wa mapumziko. Namba hakuijua. Sauti ilikuwa nzito, inayokuja kwa taabu, kama ya mtu aliyetoka usingizini, lakini aliitambua.

"Mwalimu. Niko Mbinga. Kwa kaka yangu."

Oliva alitoka ofisini, akaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu, ambako hakuna aliyemsikia.

"Dokta. Unaendeleaje?"

"Nimetoka wodini. Nalala sasa. Nalala mno." Akapumua. "Sitarudi huko. Wamenipa muda wa kufikiri, lakini mimi najijua. Nilitaka usikie kwangu." Kisha akauliza kile ambacho Oliva alikuwa akikiogopa tangu aitambue sauti. "Agustino hajambo?"

Kwenye shamba la shule mahindi yalikuwa yameanza kukauka. Oliva aliyatazama. Uongo ulikuwa mwepesi, ungetoka wenyewe. Ukweli nao ulikuwa hapo, na ungemfuata mtu huyu mpaka kitandani kwake kule Mbinga.

"Agustino ni kazi yangu sasa, dokta," alisema. "Usimbebe tena. Niambie, unakula nini huko?"

Kwenye simu Oliva alisikia kuku kwa mbali, na mtoto akimwita mtu.

"Ugali," Dokta Urban alisema mwishowe. "Na dagaa wa ziwani. Shemeji yangu anasimama hapo mpaka nimalize." Halafu, sauti ikishuka zaidi, "Mpeleke Babati, mwalimu. Usimsubiri mtu. Uliza idara ya akili, waambie jina la dawa, unalijua. Usisubiri."

Alikata bila kuaga.

Oliva alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba ruhusa, na safari hii hakuficha: alisema kaka yake ni mgonjwa wa akili na amefungwa kamba. Mwalimu mkuu, Ignasi, mtu wa Singida aliyekuwa hajawahi kumuuliza jambo lisilohusu shule, alitazama chini, akasema shangazi yake naye alikuwa hivyo, akampa wiki nzima.

Walisafiri kwa gari la abiria alfajiri ya kesho yake, Agustino katikati, Oliva na Modest wamembana kwa mabega. Abiria waliwaachia viti viwili mbele na viwili nyuma. Agustino alipiga kelele kwenye kona za mteremko wote, akataka kuruka, akamng'ata Modest mkononi. Modest alifunga jeraha kwa leso na kuendelea kumshika. Babati walisubiri siku hiyo na nusu ya siku ya pili, wakalala sakafuni kwa binamu yao. Mwishowe muuguzi kijana alimchoma sindano, akamwambia Oliva dawa itachukua wiki kadhaa kumtuliza, wamvumilie. Oliva alisema anajua.

Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa imekaribia, wakati ambao wenzake wa chuo walikuwa wakikusanyika Arusha. Hakwenda. Alihamia Maretadu na godoro, akalala chumba kimoja na mama yake. Asubuhi alimfungua Agustino, akatembea naye shambani hatua kwa hatua, ncha ya kamba mkononi mwake, majirani wakiwatazama juu ya uzio wa minyaa. Jioni alimfunga. Baadhi ya siku Agustino alipata ahueni, baadhi ya siku alimtukana matusi ambayo hakujua kaka yake anayajua. Mtaalamu mpya alikuwa bado hajafika. Watu watatu wa benchi lile, waliosikia kwamba mwalimu yupo, walikuja mpaka bomani kumuuliza wafanye nini, na Oliva aliwaeleza ukweli: hana dawa, hana cheti, njia anayoijua ni ya Babati. Aliketi nao hata hivyo. Hakuwaambia maneno mengi.